Kamati ya Mtu Aliye Hai

Metrine Naswa aliambiwa akae kitako, na kukaa kitako ndiyo kazi pekee ambayo hakuwahi kuiweza tangu azaliwe. Pale soko la Kibuye anapouzia nguo za watoto za mitumba alikuwa na kigoda chake kizuri tu, lakini kilikaliwa zaidi na wateja kuliko mwenyewe. Alikunja vifulana, akavikunjua, akavipanga kwa rangi, akavipangua akavipanga kwa umri. Mercyline, jirani yake muuza viatu, alimwambia kwamba kumtazama tu kunamletea kizunguzungu.

Haikuwa wasiwasi wa bure. Picha ya kwanza ya tumbo ilipopigwa, mimba ikiwa bado ndogo, daktari aliona kwamba kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto tumboni, lilikuwa limejishikiza chini, karibu na mlango wa uzazi. Akamwambia asitie hofu, kwani kwa wanawake wengi kondo hupanda lenyewe kadiri mfuko wa uzazi unavyotanuka. Metrine akalingoja lipande, kama mtu anavyomngoja mgeni aliyepiga simu akasema yuko njiani. Picha ya pili ikaonyesha kwamba mgeni hakuwa ameondoka kwake. Kondo lilikuwa palepale, tena limeuziba mlango wote.

Dorca, nesi wa kliniki, hakumung'unya maneno. Mtoto hawezi kupita mlango uliozibwa, na uchungu ukianza kondo litabanduka, mama avuje damu nyingi kwa muda mfupi. Kwa hiyo Metrine atazaa kwa upasuaji, wiki chache kabla ya siku zake kutimia. Asibebe mzigo, asilale na mume, asikubali mtu kumpima kwa vidole wala kumkanda tumbo. Akiona damu aje hospitali papo hapo, hata ikiwa tone, hata ikiwa haiumi. Hilo la kutouma nesi alilirudia, kwa sababu damu ya aina hiyo hutoka kimya kimya, na mwenyewe hujipa moyo kwamba si kitu.

Kisha akamwambia apange. Atafute gari linalojulikana, atafute mtu wa kukaa naye nyumbani, na zaidi ya yote alete watu wa kutoa damu mapema, si siku yenyewe. Damu haitoki kwa huyu ikaingia kwa yule kama uji wa kugawana vikombe. Hupimwa kwanza, ikahifadhiwa, ikangoja.

Hapo ndipo balaa ilipoanza, kwa sababu Metrine alikuwa ameolewa mahali ambapo kuzaa hakupangwi.

Mumewe, Byron Oluoch, alikuwa fundi wa injini za boti kule ufukweni. Kuhusu injini angeweza kuzungumza mpaka wali uungue. Kuhusu mimba ya mkewe hakuwa na neno. Kwao, kando ya ziwa chini ya Sondu, mimba huonwa lakini haisemwi. Hakuna anayehesabu miezi kwa sauti, hakuna anayenunua hata soksi ya mtoto, na anayetaja yanayoweza kuharibika huhesabiwa kuwa ndiye aliyeyaita yakaja. Kwao Metrine, Webuye, mambo hayakuwa tofauti sana, ila huko angalau angekuwa na mama yake wa kumbana mpaka amsikilize. Mama mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa presha, kwa hiyo Metrine alimweleza nusu ya habari na nusu akaimeza.

Alijaribu kwa Byron jioni moja wakila. Byron akasema wataona. Akajaribu tena wakienda kanisani, na Byron akasema siku ikifika watu watakuja, kwani yeye hajui watu wa kwao walivyo? Mara ya tatu Metrine alimtaka awaombe ndugu zake damu, na Byron akaweka spana chini kabisa.

"Nitawaambia nini?" alisema. "Kwamba watoe damu yao kwa mke ambaye si mgonjwa? Wataniuliza kama nangoja aumwe."

Hakuwa mtu mbaya, Byron. Alikuwa akimpenda mkewe na alikuwa akiogopa, na mwanamume anayeogopa humwona mkewe kama redio inayotangaza habari mbaya, akatafuta mahali pa kuizima. Lakini Metrine hakuwa na nafasi ya kumhurumia. Alimkasirikia, na hasira hiyo aliitembeza ndani ya nyumba yao ya Nyamasaria kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, akifuta meza iliyokwisha kufutwa. Mercyline alijitolea bila kuombwa mara mbili, akaenda hadi kwenye kitanda cha kutolea damu, akapimwa na kuambiwa kwamba yeye mwenyewe damu yake haimtoshi.

Jumapili moja Mama Beldina, mama yake Byron, alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba kuna kitu kimeshuka. Yeye alikuwa na jibu lake: mtoto wa kwanza wa Byron azaliwe ndani ya dala, katika boma la baba yake, na kabla ya hapo aitwe nyamrerwa, mkunga wao wa kienyeji, amkande huyu nyar Webuye, binti wa Webuye, tumbo na mafuta ya moto mpaka kilichoshuka kipande. Hakusema hayo kwa ubaya. Nyamrerwa huyo alikuwa amemkanda yeye mwenyewe, na Byron alikuwa ametoka mzima, ameketi pale akisikiliza simu na kuitikia.

"Sawa mama," alisema Byron. "Sawa mama. Sawa."

Metrine alimuuliza kama anajua kutoka kwao mpaka penye chumba cha upasuaji ni mwendo gani, tena mvua ikinyesha. Byron alijua. Akauliza kwa unyonge atamwambiaje mama yake hapana, na mama yuko njiani Jumamosi kuja kumchukua.

Jumamosi hiyo Mama Beldina alikuja kwa gari, Probox ya shemeji yake, Mzee Opondo. Inafaa huyu mzee aelezwe vizuri. Opondo alikuwa mwenyekiti wa kamati za mazishi. Si kamati moja. Mtu yeyote akifa kati ya ufukwe na Sondu, wa ukoo au wa jirani, kabla majirani hawajamaliza kulia Opondo alikuwa ameshapata hema, viti, wapishi, mhubiri, basi la kutoka Nairobi na picha ya marehemu akitabasamu. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo mmoja na alikuwa hodari kupita kiasi. Hata siku hiyo alikuwa na maiti ya watu huko Katito iliyokuwa ikimsubiri.

Metrine akawapikia samaki na ugali, akawanawisha mikono, akasimama mlangoni na tumbo lake. Mzee Opondo alikula kwa mkono wa kulia na kupokea simu kwa wa kushoto. Gari la kwanza litoke Nairobi alfajiri, la pili liwangoje wale wa Awasi. Kama wapishi hawatoshi, waongezwe. Fulani amesema ana kazi? Mwambie mtu amekufa, aje. Akamaliza simu moja akaingia nyingine, na samaki hakupoa.

Metrine alikuwa akisikiliza kila neno. Kumbe hawa watu wanajua kupanga. Kumbe wanajua magari, wanajua saa, wanajua nani aitwe na nani asikubaliwe kutoa visingizio. Hakumsikia Opondo akisema hata mara moja kwamba wataona.

Mama Beldina alinawa, akamshukuru kwa chakula, akamwambia akachukue nguo zake, wasije wakakutwa na mvua.

Metrine hakwenda kuchukua nguo. Alivuta kigoda akaketi mbele ya mama mkwe wake, na ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu asubuhi.

"Mama," alisema, "nikifa mtanifanyia nini?"

Byron alibaki na tonge mkononi. Mama Beldina aliangalia pembeni, kama mtu aliyeona mwenzake amejifunua nguo hadharani.

"Hiyo mambo haiongelewi, nyathina, mtoto wangu."

"Najua haiongelewi. Basi nitamuuliza mwenyekiti." Akamgeukia Opondo. "Mzee, nimekufa Jumatano. Damu ilitoka, gari halikupatikana, hospitali ikasema hakuna damu ya kuniongeza. Gari la kunileta nyumbani litakuwa la nani?"

Pengine Mzee Opondo angemkemea kama angepewa nafasi ya kufikiri. Lakini swali lilikuwa la kazi yake, na jibu likatoka lenyewe.

"Langu," alisema.

"Na wale vijana wa Nairobi?"

"Mark, ndugu yake Byron, na wenzake watakuja wote. Kwa matanga huwa hawaombi ruhusa."

"Na majirani?"

"Hao huwezi kuwazuia."

"Na mama atakuwa wapi?"

Opondo alimgeukia shemeji yake, kwa sababu hilo halikuwa lake kujibu. Mama Beldina alikuwa ameinamisha kichwa akikunja ncha ya leso yake. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nitalala chini kando yako," alisema. "Siwezi wacha wewe peke yako. Mpaka siku ya kukuweka."

Metrine alianza kulia. Hakuwa amepanga kulia, na ilimuudhi, kwa sababu maneno yalikuwa bado hayajaisha.

"Basi njooni sasa," alisema. "Njooni nikiwa bado nawasikia. Gari hilohilo, mama. Watu haohao. Mtakavyonifanyia nikiwa maiti, nifanyieni nikiwa na pumzi."

Simu ya Opondo ikalia, Katito bila shaka. Aliitazama, akaipokea, akasema polepole kwamba wamsubiri kidogo, yuko kwenye kamati nyingine. Kisha akaiweka mezani, akafuta mikono, akamuuliza Metrine hospitali ilisema inataka watu wangapi wa damu.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa Opondo, na mwendo huo haukuwa wa kubembelezwa. Aliamua kwamba hakuna kukandwa tumbo na hakuna safari ya kwenda kijijini. Mama Beldina abaki hapohapo Nyamasaria. Mama Beldina alishika jambo moja tu, nalo alilishika kwa nguvu: hilo kondo lenyewe, likishatolewa, apewe alizike nyumbani inavyotakiwa. Metrine akaahidi kumuuliza nesi, na nesi akasema linaweza kutolewa, wajulishwe tu mapema. Byron alipoulizwa na mwenyekiti mbele ya mama yake kama atatoa damu, alisema ndiyo, na ilionekana kwamba alikuwa akitamani tangu zamani mtu amlazimishe.

Kisha Opondo akafungua kundi la WhatsApp, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuanzisha jambo. Makundi yake yote yalianza kwa neno "Mazishi". Alifikiri kidogo, akaliita "Kamati ya Metrine", akaingiza ukoo mzima, akaweka simu mfukoni akaendesha gari kwenda Katito.

Alipofika Ahero tayari watu walikuwa wanaomboleza humo kundini. Binamu mmoja alisema moyo wake umevunjika. Mwingine alikumbuka jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi. Mtu wa Mombasa, ambaye Metrine hakuwahi kumwona maishani, aliuliza mwili uko wapi. Metrine alisoma yote akiwa amesimama jikoni, akaona maneno mazuri ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia usoni. Ilibidi atume sauti yake mwenyewe. Alisema yeye ni Metrine, yuko hai, anashukuru kwa rambirambi, na ana haja ya damu. Kundi likanyamaza kabisa. Halafu Mark akaandika kutoka Nairobi kwamba anakuja mwisho wa wiki na vijana wenzake.

Walikuja. Walitolewa damu, wakapewa soda, wakalalamika kwamba sindano ni nene, wakarudi kazini. Sasa kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa siku, na ikawa Metrine hana cha kugombania. Hilo lilimchosha kuliko ugomvi. Mama Beldina hakumruhusu kwenda Kibuye wala kuinua ndoo, na kila aliposimama aliulizwa anaenda wapi. Alihesabu matofali ya ukuta. Alisikiliza tuktuk zikipita barabara kuu, akijaribu kukisia kwa mlio ni ipi mbovu. Jioni alijishika tumbo akamwomba mtoto atulie, kisha akitulia alimsukuma kidogo asogee, ajue yuko.

Damu ilitoka asubuhi, Mama Beldina akiwa nje anaanika nguo. Siku ya upasuaji ilikuwa imekaribia, na Metrine alikuwa amesimama akichagua mchele. Alihisi tu maji ya moto mguuni, akatazama, akaona. Haikuuma hata kidogo.

Hapa mtu angetegemea kwamba yeye, aliyejitangaza maiti mbele ya wakwe, angepiga kelele. Hakupiga. Aliona haya. Aliwaza kwamba ni kidogo, itakoma. Aliwaza juu ya Opondo na gari lake, juu ya watu wote wale waliosumbuliwa, na jinsi watakavyosema akifika hospitali ikaonekana si kitu. Alifunga leso nyingine juu ya ile ya kwanza, akaketi kwa utulivu ambao hakuwahi kuwa nao, akaendelea kuchagua mchele.

Mama Beldina aliingia na beseni tupu. Alimwona ameketi. Hilo peke yake lilimtosha. Akaweka beseni, akamsimamisha kwa nguvu, akaona leso.

"Damu," alisema Mama Beldina, mwanamke ambaye hakuwahi kutamka jambo kama hilo tangu aolewe. Kisha akatoka mlangoni akalisema tena kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, ploti nzima isikie, huku akimpigia Opondo simu na mkono mwingine umemkamata Metrine kama mtoto anayetaka kutoroka.

Opondo alifika upesi, kwa sababu tangu wiki iliyotangulia alikuwa akilala na Probox yake hapohapo Nyamasaria, kwa mpango wake mwenyewe ambao hakumwambia mtu. Njiani damu iliongezeka, kiti cha nyuma kikalowa. Mama Beldina alikuwa akisali kwa Kijaluo, na Metrine alielewa jina la Mungu na jina lake tu. Hospitalini Dorca alimwona akishushwa, akaita watu. Kuna mtu aliyeuliza damu ya akiba iko wapi, na mwingine akajibu iko, iko tayari. Metrine alishika maneno hayo mawili akayarudia kichwani mpaka barakoa ilipomfunika uso.

Alipoamka koo lilikuwa kavu na tumbo lilikuwa linauma, na maumivu hayo yalimfurahisha kwa sababu yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai. Byron alikuwa ameshika miguu yake juu ya blanketi, macho mekundu. Alimwambia ni msichana, mdogo sana, yuko kwenye chumba cha joto na analia kwa ukali. Alimwambia pia kwamba ameongezewa damu, na kwamba mfuko mmoja nesi alisema umetoka kwa ndugu yao Mark.

Metrine akasikia watu. Sauti zilitoka nje, chini ya dirisha, nyingi sana. Kulikuwa na mtu anaimba wimbo wa kanisa na wengine wakiitikia, na viti vya plastiki vikiburutwa.

Akauliza ni nani aliyekufa.

Mama Beldina, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, alijisogeza karibu. Alimweleza kwamba Opondo alikuwa ameandika neno moja kwenye kundi, "Twendeni", na watu wakaja kwa njia wanayoijua. Walikuja na basi dogo la kukodi kutoka Sondu, wanawake wamejifunga leso, na masufuria ya chakula, na wale wa kwaya. Askari wa lango alipowaona wengi namna hiyo hakusita. Aliwapungia mkono wapite upande wa nyuma, kwenye chumba cha maiti, akamuuliza Mama Beldina wamekuja kuchukua mwili wa nani.

"Ukamwambia nini, mama?"

"Nikaambia yeye hatukuja kuchukua mtu," Mama Beldina alisema. "Wetu amelala tu. Tumekuja kungoja aamke."